Na Wangu, Nesi?

Mabibo yalikuwa yameanza kudondoka, na ua wangu wote unanuka ule utamu uliokaribia kuchacha. Oktoba 2023. Nimekaa barazani napepeta mchele, akaingia mama mmoja ninayemjua tangu anavaa sare ya shule ya msingi. Kawaida yake hupiga hodi tatu na kusubiri. Siku hiyo alipita moja kwa moja, "Shikamoo nesi," na kabla sijamaliza marahaba, simu ilikuwa tayari mbele ya macho yangu.

Ilikuwa moja ya zile video zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Madaktari wa Riyadh, Saudi Arabia, na kofia zao na barakoa, na pacha wawili wa kiume wa Kitanzania waliozaliwa wameungana. Walitenganishwa tarehe 5 mwezi huo, kazi ya saa 16. Mwisho wa video kila mtoto yuko kitandani kwake.

"Hawa si wa kwetu kabisa, Watanzania?" Nikamwambia ndiyo, nimesikia redioni. Akakaa kwenye mkeka, akazima simu, akaifunga kwenye pindo la khanga kama watu wanavyofunga hela. Kisha akauliza bila kunitazama:

"Na wangu, nesi?"

Nilimtuma mjukuu amletee maji. Huku kwetu juu ya uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala, kiangazi maji tunayanunua kwa ndoo, kwa hiyo kikombe cha maji ni ukarimu unaoonekana. Ila siku ile yalikuwa maji ya kunipa muda. Wake walikuwa wawili, wasichana, mwaka 2011. Mimi ndiye niliyemwandikisha kliniki.

Nimekuwa mkunga miaka zaidi ya 30 kabla ya kustaafu, na sijawahi kuulizwa swali lililonikaa kooni namna ile. Nilimjibu kidogo siku hiyo, nikamwomba arudi Jumapili. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia Jumapili hiyo, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka.

Mimba ile ilikuwa ya pili kwake. Wiki ya 28 tumbo lilinionyesha la wiki 34. Niliposhika nikakuta vichwa viwili, vyote juu, kimoja kimemlalia mwenzake. Nikampa hongera, pacha hao. Kisha nikachukua fetoskopu, ile tarumbeta ndogo ya wakunga, nikatafuta mapigo ya mioyo. Niliyapata mahali pamoja. Nikahama kulia, nikahama kushoto, nikashuka chini ya kitovu, nikarudi. Palepale tu. Nikajiambia wa pili amejificha nyuma ya mwenzake, wapo watoto wa hivyo. Nikaandika kwenye kadi na kuendelea na foleni, maana siku ya kliniki foleni yetu huanzia chini ya mwembe.

Nilimwelekeza mjini akapigwe ultrasaundi. Alikwenda, akalipa, akarudi na karatasi: mapacha, wote wametanguliza matako, wanaendelea vizuri. Sitaitaja kliniki hiyo. Aliyeshika kile kifaa nadhani alihesabu vichwa, akaridhika, kama mimi nilivyohesabu vichwa nikaridhika. Leo najua alichopaswa kukitafuta. Hakukuwa na utando kati ya watoto. Walitazamana uso kwa uso, na kila mama alipogeuka waligeuka pamoja, vichwa usawa uleule, hawaachani. Jicho lililofundishwa huweza kushuku hata wiki ya 12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka kila mjamzito apate walau ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Huku bado wapo wanaojifungua bila kukiona kifaa hicho, na wapo wanaokiona kimeshikwa na mtu aliyejifunza kukiwasha tu.

Uchungu ulimshika Novemba, msimu wa mnada wa korosho, mumewe yuko chama cha msingi anasubiri malipo ya mzigo wa kwanza. Niliona mguu unatangulia, kisha mguu mwingine ambao mkao wake haukuniingia akilini, nikaita gari la wagonjwa. Tuliteremka ule mteremko wa kutoka uwandani usiku, yeye amenishika kifundo cha mkono. Hospitali ya misheni kule bondeni wakampeleka thieta moja kwa moja.

Daktari aliponisimulia asubuhi, alisema alimshika wa kwanza amtoe, wa pili akaja naye. Akapanua njia. Walikuwa wametazamana, kifua kwa kifua, wameshikana kuanzia chini ya shingo mpaka kitovuni, kama marafiki wawili wanaonong'onezana. Kila mmoja na mikono yake miwili, miguu yake miwili. Walilia kwa zamu. Kwenye mizani walikuwa kilo 3 na gramu 900 wote wawili, kwa sababu mizani haikuwa na namna ya kusema kila mmoja ana ngapi.

Mama yao aliamka kwenye nusu kaputi akasikia sauti mbili, akatabasamu. Waliishi siku mbili kasoro saa chache.

Mara nyingi watu wakisikia habari hizi hukimbilia sababu. Bibi yake, kwa lafudhi yetu inayoimeza "m" ya mbele, alisema "ntoto" huyo ametupiwa. Wengine wakasema salfa, ule unga tunaopulizia mikorosho, kwamba aliuvuta akiwa na mimba changa. Nilipinga vyote viwili pale kitandani na nitavipinga hapa. Pacha wanaofanana hutoka kwenye yai moja lililorutubishwa, ambalo hujigawa. Likijigawa siku za mwanzo kabisa, kila mtoto hupata kondo lake. Likichelewa kidogo, wanashirikiana kondo lakini kila mmoja ana chupa yake. Likichelewa zaidi, wanaogelea chupa moja. Na likianza kujigawa baada ya siku ya 13 hivi, halimalizi. Wapo wataalamu wanaoiona kinyume, kwamba lilishagawanyika, kisha sehemu hizo mbili zikagusana na kushikana upya. Vyovyote iwavyo, yanatokea wakati mama mwenyewe bado anasubiri siku zake, hajui kama ana mimba. Hakuna alichokula wala alichovuta wala aliyemkosea kilichojulikana kuwa chanzo. Ni jambo la nadra, mimba moja kati ya 50,000 hadi 100,000 au zaidi. Wengi wao huzaliwa wamekufa, na karibu 7 kati ya 10 huwa wa kike, jambo ambalo mpaka leo halina maelezo yaliyokubalika.

Sasa swali lenyewe. Kwenye habari neno ni moja tu, "wametenganishwa", kana kwamba kuna mshono mahali na kazi ni kuufumua. Wapo ambao ni hivyo karibu. Mwaka 1689 huko Basel, Uswisi, daktari aitwaye Johannes Fatio aliwatenganisha dada wawili waliounganishwa na ukanda wa nyama karibu na kitovu. Alifunga uzi, akakata, wakaishi wote. (Fatio mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo. Mwaka 1691 aliuawa na watawala wa mji wake kwa kujiingiza kwenye maasi. Kila nikisoma historia ya udaktari nakuta mtu wa namna hii.) Wale ndugu wa Siam, Chang na Eng Bunker, waliozaliwa mwaka 1811 na kufa mwaka 1874, ambao ndio waliofanya watu wa Ulaya waite hali hii kwa jina la nchi yao, walikuwa na ukanda unaofanana na huo, na ndani yake maini yao yameshikana. Walioa, wakazaa watoto 21 kati yao, na hawakutenganishwa. Leo ini halitishi hivyo, kwa sababu ini hukatwa na kila nusu huendelea kukua.

Wapo walioungana makalio, wamepeana mgongo. Watoto wa kiume wa Kyela, mkoani Mbeya, walikuwa wa aina hiyo, wakatenganishwa Chennai, India, mwaka 2013. Na Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ilifanya kazi kama hiyo Novemba 2016 kwa wasichana wawili wa Meru, saa 23 mfululizo. Hawa huwa na bahati nzuri kiasi, japo wanaweza kuwa wamechangia njia ya haja kubwa na ncha ya uti wa mgongo, na kosa dogo hapo humwacha mtoto asitembee au asijizuie. Wapo walioungana nyonga, wenye miguu minne au mitatu kati yao, na baada ya kisu huenda kila mmoja akabaki na mguu mmoja. Wapo walioungana vichwa, wachache mno. Na yuko yule ambaye watu humwita mtoto mwenye miguu minne: mwili mmoja mzima, na tumboni au mgongoni pananing'inia sehemu ya pacha mwingine ambaye hakukamilika, mara nyingi hana kichwa wala moyo, anaishi kwa damu ya mwenzake. Kwa huyu madaktari hawatenganishi watoto wawili, wanamwondolea mmoja mzigo, na mara nyingi anapona vizuri. Nimewahi kusikia mtoto wa namna hiyo akifichwa ndani, anatazamwa kama shetani, wakati shida yake ilikuwa nyepesi kuliko zote nilizotaja.

Walioungana kifua ndio wengi, karibu 4 katika kila jozi 10. Na katika hao, takriban robo tatu mioyo yao imeshikana kwa namna fulani. Ikiwa ni ule mfuko tu unaoufunika moyo, ndani mioyo miwili kamili, kazi ipo lakini inafanyika. Ikiwa ni moyo mmoja uliotanuka, vyumba vyake vya chini vinavyosukuma damu vimeingiliana, unawapigia wote wawili, hapo duniani kote kisu kimeshindwa. Huwezi kuupasua moyo mmoja ukapata miwili.

Nilipofika hapo, Jumapili ile, nilinyamaza. Nilikuwa nimekumbuka fetoskopu. Mapigo mahali pamoja. Mwaka 2011, chumbani kwangu, nikiwa na sikio langu kwenye tumbo lake, nilikuwa nimeshalisikia jibu la swali atakaloniuliza miaka 12 baadaye, na nikaliandika kwenye kadi kama mapigo ya mtoto mmoja na mwingine aliyejificha.

Nikamwambia hivyo hivyo. Hakusema kitu. Akatafuna ncha ya khanga.

Akauliza ingekuwaje kama mioyo ingekuwa miwili. Hapo nikawa na mengi ya kusema, maana tangu alipokuja na ile simu nilikuwa nimesoma usiku na mchana, na kumpigia daktari mmoja kijana niliyemfundisha kushika kichwa cha mtoto akiwa mwanafunzi, ambaye sasa yuko Dar es Salaam.

Kwanza, wasingekatwa wiki ile. Watu wanadhani haraka ndiyo wokovu. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ambayo imewapokea pacha walioungana wengi kuliko karibu hospitali yoyote, ilipohesabu kazi zake za miaka ya nyuma ilikuta waliotenganishwa kwa mpango, wakiwa wamekua miezi kadhaa, 8 kati ya 10 waliishi. Waliotenganishwa kwa dharura siku za mwanzo, kwa sababu mmoja anakufa au utumbo umeziba, waliishi 3 hivi kati ya 10. Kwa hiyo wangenyonyeshwa, wangepimwa uzito, wangekua. Wewe ungekuwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili miezi sita, miezi tisa, unalala kwenye mkeka nje ya wodi, unajifunza kuwanyonyesha wakiwa wametazamana.

Na muda huo ndiyo kazi kubwa ingefanyika. Picha za CT za kuona ndani ya mwili, kipimo cha eko cha kuangalia moyo, kutafuta mshipa gani ni wa nani. Kisha ngozi. Hili la ngozi lilinishangaza mimi mkunga mzima. Ukiwatenganisha watoto walioshikana kifua na tumbo, kila mmoja anabaki na uwazi mbele kama kabati lisilo na mlango. Hakuna ngozi ya kuufunika. Ukiivuta kwa nguvu, kifua kinabana moyo na mapafu, na mtoto anakufa baada ya watu kupeana mikono kwamba operesheni imekwenda vizuri. Kwa hiyo wiki kadhaa kabla, huwawekea vipira chini ya ngozi, kama puto, wakavijaza maji ya chumvi kidogo kidogo kwa sindano. Ngozi inatanuka na kukua juu ya puto, kama ngozi ya tumbo la mjamzito inavyokua. Siku ya operesheni puto hutolewa na ile ngozi ya ziada ndiyo inayofunika uwazi.

Huyu mama aliposikia hilo alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Yaani wanawatia mimba ya ngozi."

Siku yenyewe, kila kitu ni mara mbili. Daktari wa usingizi wawili, timu mbili, na kila mrija, kila sindano, kila karatasi imepewa rangi, nyekundu kwa mmoja na buluu kwa mwenzake, kusiwe na kukosea. Na bado dawa unayomchoma wa nyekundu inaweza kumlaza wa buluu, kwa sababu damu inapita kwao wote. Yule kijana wangu wa Dar es Salaam aliniambia hili ndilo linalowatisha madaktari wa usingizi kuliko kisu. Kisu kinashikwa na mkono wako, lakini damu hupita ilikotaka. Muhimbili wamefanya kazi hiyo, ya mwaka 2022 ilitangazwa sana. Lakini kutoka huku kwetu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 560 ukianzia Mtwara mjini tu, na mwaka ule wa 2011 Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ilikuwa bado haijaanza kazi.

Naandika haya nikijua nitaonekana natetea madaktari. Sitetei. Natetea mama aliyeulizwa kwa miaka 12, kisimani, mnadani, kwenye ngoma za unyago, "kwa nini hukuwapeleka Muhimbili?" kana kwamba alikuwa na nauli mkononi akakaa nayo.

Kuna mtu mwingine nikamkumbuka Jumapili ile, mjomba wake. Kwetu ukoo unakwenda kwa mama, na jambo zito la mtoto wa dada halikatwi bila mjomba. Alifika hospitali jioni ya siku ya kwanza, kwa pikipiki, vumbi la mpingo bado liko kwenye kucha. Alikuwa mchongaji, alishakaa Mwenge, Dar es Salaam, miaka mingi, akichonga zile nguzo za ujamaa ambazo watu wamepandana juu ya watu, wote kutoka gogo moja. Baba wa watoto alikuwa ameshaulizwa habari za rufaa, akasema asubiriwe mjomba. Mjomba aliwatazama watoto muda mrefu. Kisha akamuuliza daktari swali moja.

"Wana mioyo mingapi?"

Daktari akasema bila vipimo vikubwa hawezi kuapa, lakini anasikia mmoja. Mjomba akaitikia kwa kichwa, akatoka nje kukaa chini ya mti.

Nilimfuata. Nilidhani atasema habari za Mungu. Alinisimulia habari ya mteja. Mzungu mmoja alinunua nguzo ya ujamaa, ndefu, ikakataa kuingia kwenye sanduku lake la safari. Akamwomba mjomba amkatie yule mtu wa juu kabisa, awe peke yake, atamlipa. Mjomba akakataa, kisha akaona hela, akakata kwa msumeno, taratibu, chini ya nyayo za yule wa juu. "Likapasuka, nesi. Si pale nilipokata. Likapasuka mpaka chini, kwa bibi mshika mtungi." Akatema mate pembeni. "Hela nikamrudishia."

Ujumbe niliupata, ingawa mfano huo sijawahi kuukubali wote. Gogo halilii kwa zamu.

Na si kila walioungana ni kosa linalosubiri kurekebishwa. Maria na Consolata Mwakikuti wa Makete tuliwaona wote kwenye televisheni. Walizaliwa mwaka 1996, wakalelewa na masista, wakasoma mpaka kidato cha sita, wakaingia chuo kikuu Iringa kusomea ualimu, na walisema waziwazi kwamba hawataki kutenganishwa. Walifariki tarehe 2 Juni 2018, siku moja wote wawili. Nakumbuka siku hiyo huyu mama alikuja kwangu na hakuuliza chochote, alikaa tu mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Jumapili ile ya 2023 ndipo nilipofika mahali ambapo nilikuwa nakwepa. Nilimwambia kwamba kuna madaktari waliojaribu hata pale penye moyo mmoja. Philadelphia, Marekani, mwaka 1977, daktari C. Everett Koop alipokea wasichana wawili wa wazazi Wayahudi, moyo mmoja. Ilijulikana kwamba wakiachwa watakufa wote, na wakikatwa ni mmoja tu anaweza kupewa moyo, mwingine anakufa kwenye meza. Marabi walikaa wakabishana kwa siku kadhaa kabla ya kukubali. Walikata. Aliyebaki naye hakufikisha mwaka. Na Manchester, Uingereza, mwaka 2000, wazazi Wakatoliki kutoka Malta walikataa watoto wao wakatwe, wakataka waachiwe Mungu, kwa sababu hapo nako mmoja alikuwa anaishi kwa moyo wa mwenzake. Majaji wakawapinga wazazi, wakaamuru wakatwe. Aliyekuwa dhaifu akafa, mwenye nguvu akaishi.

Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wa ukunga. Yeye alikuwa ameacha kutafuna khanga.

"Kwa hiyo wangeniuliza yupi," akasema.

Nikasema ndiyo. Wewe, au mjomba, au jaji.

"Yule wa kushoto alikuwa ananyonya," akasema. "Wa kulia alikuwa hawezi, ila ndiye aliyekuwa ananishika kidole." Akanyoosha kidole chake cha shahada, akakitazama. "Yupi sasa?"

Kuku wangu walikuwa wameingia kwenye mchele. Sikuwafukuza.

Nakumbuka maziko yao. Palikuwa na ubishi mdogo juu ya sanda, kama ni moja au mbili, wazee wanatazamana. Shehe wa kijiji akasema kaburi moja, sanda moja, lakini majina ni mawili, na akayataja yote mawili kwa sauti. Mama hakuwapo, alikuwa bado wodini na mshono wake. Nilimpelekea mimi habari kwamba yalitajwa mawili. Alitaka kujua yupi alitajwa kwanza. Nilidanganya, nikasema yametajwa kwa pamoja.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa lile bonde la Newala tunaloliita Shimo la Mungu aliponyanyuka kwenda. Alifungua pindo la khanga. Nikadhani anatoa simu tena, kumbe kulikuwa na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, na ndani kadi yake ya kliniki ya mwaka 2011, imekuwa laini kama kitambaa, kona zimeliwa na mende. Mwandiko wangu upo. "Mapacha." "Mapigo ya moyo: yapo." Chini, sehemu ya matokeo ya kujifungua, mtu wa hospitali alikuwa ameandika idadi ya watoto 1, akaifuta kwa kalamu, akaandika 2, akaifuta tena, na mwisho hakuandika kitu.

"Hapo," akasema, akaweka kidole juu ya ile michoro. "Unayo kalamu, nesi?"

Nilikuwa nayo. Niliandika 2, nikaizungushia duara, nikaweka tarehe ya siku ile na sahihi yangu, ingawa nimestaafu na sahihi yangu haina kazi tena. Akapuliza wino ukauke kabla ya kuikunja.